Ngozi Isiyopelekwa Mpwapwa

Mambo yalianzia kwenye kiganja cha Hasani. Kabla ya vita, Hasani Mrangi, mwenye duka karibu na stesheni ya Dodoma, alikuwa akipima chumvi kibaba cha tele, yaani anajaza mpaka chumvi inasimama juu kama kichuguu na punje nyingine zinamwagikia kwenye kitambaa cha mteja. Siku moja, katika mwaka wa pili wa vita vya Wadachi na Waingereza, alijaza kibaba kile kile kwa hela zile zile, halafu akapitisha kiganja juu yake. Kichuguu chote kikarudi guniani. Wateja wengine walifunga chumvi yao wakaenda zao. Raheli alibaki amesimama.

"Bwana Hasani, hicho ni kibaba cha mfuto."

"Kibaba ni kibaba, mama Hana."

"Cha tele ni cha tele, cha mfuto ni cha mfuto. Umepandisha bei."

"Nimepandisha nini? Si hela zile zile umenipa?"

"Umepandisha kwa kiganja," alisema Raheli, akachukua chumvi yake na kuondoka. Waliokuwa nyuma yake walicheka, lakini tangu siku hiyo kila mmoja alikuwa akitazama kiganja cha Hasani.

Raheli alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti inayofika mbali, mke wa Bartolomayo wa Kikuyu, kijiji cha kando ya Dodoma. Alibatizwa akiwa msichana, kwa wamisionari wa Mpwapwa, na ukweli aliuchukua kama wengine wanavyochukua pombe, bila kiasi. Akiazima sindano asubuhi, jioni imerudi. Akiokota kuku wa watu njiani, atazunguka kaya zote mpaka apatikane mwenyewe. Jirani yake Dorkasi, aliyempenda sana, alikuwa akisema, "Ukimpa Raheli kaa la moto, kesho atakurudishia na majivu yake." Mtu wa namna hiyo huheshimiwa, ila hakuna anayetamani kukaa naye karibu siku nzima.

Mwezi wa nane wa mwaka 1915 jumbe alikuja na askari wawili, wakamchukua Bartolomayo kuwa mpagazi wa vita. Alipewa muda wa kunywa maji tu. Alimwachia mkewe watoto wawili, Hana wa miaka tisa na Sila aliyekuwa anakaribia minne, shamba la uwele, mbuzi watano, na ng'ombe mmoja mwekundu mwenye ndama. Neno lake la mwisho lilihusu huyo ng'ombe. "Wa watu huyo," alisema. "Usisahau."

Ni kweli alikuwa wa watu. Katika nchi ya Wagogo mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote zizini mwake, maana ugonjwa ukiingia utawamaliza kwa mpigo. Huwagawa kwa marafiki, mmoja huku, wawili kule. Rafiki hunywa maziwa na kutumia samadi, lakini hauzi wala hachinji. Ng'ombe akifa, mtunzaji humchuna, nyama anakula yeye na watoto wake, ngozi anaipeleka kwa mwenyewe. Mwenyewe anaitazama, anasema pole, na urafiki unaendelea. Ng'ombe huyu alikuwa wa mzee Nikodemo wa Mpwapwa, aliyekuwa rafiki wa baba yake Bartolomayo tangu ujana wao.

Basi bei zikaendelea kupanda, na kila siku zilipata njia mpya ya kupanda. Kiberiti, kilichokuwa kikiuzwa kwa boksi, kikauzwa kwa njiti. Sabuni ikakatwa vipande vyembamba hata unaona mwanga upande wa pili. Mkono wa kaniki ukawa mfupi kwa sababu Hasani, mtu mrefu, alimweka mpwa wake mfupi kupima nguo. Mafuta ya taa yakakoma kabisa. Meli za Waingereza zilikuwa zimefunga pwani, watu walisema, na gari la moshi lilileta askari na kuondoka na nafaka. Askari walilipa kwa rupia za karatasi. Hasani hakuthubutu kuzikataa mbele ya bunduki, lakini akina mama wa Kikuyu walipozileta alizitazama kama mtu aliyeonyeshwa jani la mti.

Raheli alirudi kwenye mambo ya bibi yake. Alitunza moto jikoni usiku na mchana asinunue njiti. Alikwenda mbugani kukwangua udongo wenye chumvi, akauchuja kwa maji na kuyachemsha mpaka akapata donge la kijivu, chungu kidogo, lakini ni chumvi. Alimvisha Hana ngozi laini ya mbuzi, na binti alilia siku mbili kwa aibu, kisha akazoea. Kwa mambo hayo Raheli aliona fahari kidogo. Alidhani ameishinda bei.

Kumbe chumvi na kaniki yalikuwa maneno ya utangulizi. Uwele wa ghalani uliisha kabla ya Krismasi. Mvua ya Januari ilinyesha mara mbili, ikawadanganya watu wakapanda, halafu ikaenda zake. Miche iliota kijani siku kumi, ikakauka. Hata mlenda wa porini haukuota. Hapo kila kaya ikakumbuka mbuzi wake, na wote wakawapeleka sokoni wiki moja.

Mbuzi wa kwanza wa Raheli alileta pishi kumi za mtama. Wa pili alileta sita. Alipofika na wa tatu Hasani akasema pishi tatu, na Raheli akakasirika, akamrudisha mbuzi nyumbani kungoja bei ya wiki iliyopita. Bei ya wiki iliyopita haikuwahi kurudi. Wiki iliyofuata akamtoa yule mbuzi kwa pishi mbili, na njia nzima alijitukana kwa Kigogo, lugha aliyoijua vizuri kwa kazi hiyo. Wawili waliobaki hata hawakufika sokoni, mmoja alikufa na mwingine aliibwa. Bandu bandu huisha gogo.

Ilipofika Februari walikuwa wakila mara moja kwa siku, uji mwepesi usioshika kijiko, na maziwa ya yule ng'ombe mwekundu, kibuyu nusu asubuhi, kwa Sila. Tumbo la Sila lilianza kutangulia mwili wake. Nywele zake zikawa nyepesi, rangi ya kutu. Raheli aliwahi kuona watoto wa namna hiyo zamani, katika njaa ya utoto wake, na alijua wanakoelekea. Usiku alihesabu pumzi za mtoto badala ya kulala.

Akaenda kwa Hasani. "Nikikuletea ng'ombe mwenye ndama, utatoa ngapi?"

Hasani aliinua macho. Yeye mwenyewe alikuwa amekonda, na magunia nyuma yake yalikuwa mengi lakini mengi matupu. "Pishi thelathini. Nitampeleka kwa bwana nyama anayewanunulia askari. Thelathini leo, mama Hana. Ya kesho siijui."

Pishi thelathini zingewafikisha mwisho wa Aprili, labda mbele zaidi. Raheli alizipiga hesabu kichwani, akazipiga tena kwa tamaa.

"Lakini yule ng'ombe ni wa amana," alisema.

"Najua. Ndiyo maana sijakuuliza siku zote hizi." Hasani alishusha sauti. "Kuna jambo jingine, usinikasirikie. Dada yangu Zaitun yuko Kondoa. Mumewe amefariki, mtoto hana. Anataka binti wa kukaa naye, wa kumsaidia maji na kuni. Mtama wake haukukauka, kule milimani mvua imenyesha. Kule hakuna vita, vita viko Moshi huko. Hana angekula ashibe. Mvua zikirudi unamfuata. Na Zaitun angekupa pishi kumi, za shukrani."

"Za shukrani!" Sauti ya Raheli ilisikika mpaka stesheni. "Mwanangu si mbuzi, Hasani. Mbuzi wangu umeshawala wote, sasa umefika kwa watoto?"

Hasani aliinamisha kichwa kama mtu anayepita chini ya mlango mfupi, na Raheli akatoka.

Nyumbani alimkuta Dorkasi, akamweleza yote. Dorkasi alikuwa mama wa watoto watano, na wote watano, jambo la kushangaza, walikuwa bado wanakimbia. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Mama Hana, ng'ombe hufa."

"Huyu haumwi."

"Hata wangu wa amana hakuwa anaumwa. Mwezi uliopita akafa."

"Alikufa kwa nini?"

"Alikufa kwa kisu," alisema Dorkasi. "Nyama tumekausha, nusu tumekula, nusu nimebadilisha kwa mtama kwa watu wa reli. Ngozi nimeipeleka mwenyewe Buigiri. Mzee mwenye ng'ombe akaitazama, akasema pole, akanipa maji ya kunywa. Wala hakuigeuza aone shingo."

"Huo ni uongo, Dorkasi. Uongo na wizi."

"Ni njaa," alisema Dorkasi, na wala hakuona haya. "Mwenye njaa hana miiko. Unafikiri yule mzee hakujua?"

Raheli alikesha. Kisu kilikuwa kwenye dari, ng'ombe alikuwa zizini, Sila alikuwa akipumua kwa shida. Lakini alimwona Bartolomayo mlangoni akisema wa watu huyo, na amri ya Mungu aliijua kwa namba. Alfajiri akawa ameamua. Hataiba, wala hatamwacha mtoto afe. Atakwenda Mpwapwa kumwomba mzee Nikodemo ruhusa ya kumuuza. Kuuliza si ujinga, wahenga wanasema. Wahenga hawakuwa na ng'ombe wa Nikodemo.

Aliwaacha watoto kwa Dorkasi, akachukua donge moja la chumvi yake ya udongo, maana mkono mtupu haulambwi, akashika njia ya mashariki. Alitembea siku nne. Njiani alipishana na wapagazi waliofungwa kamba viunoni, akawatazama usoni mmoja mmoja, na Bartolomayo hakuwemo. Alikula matunda ya porini na mizizi, na siku ya tatu hakula kitu.

Alifika kwa Nikodemo saa za alasiri. Mzee alikuwa amekaa uani pamoja na wanawe wawili wakubwa, Sostenes na Filipo, na wake zao, na watoto wengi waliokaa kimya mno kwa watoto. Raheli angekuwa mtu wa kawaida angepiga magoti, angetoa chumvi, angeongea habari za njiani, angengoja mpaka jioni mzee awe peke yake. Lakini yeye alizoea kusema ukweli mahali penye watu, kwa kuwa ukweli hauna siri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Kikuyu?"

"Njaa, baba. Mume wangu amechukuliwa na serikali. Mtoto wangu mdogo anakwisha. Ng'ombe wako yu hai, na ndama wake yu hai. Nimekuja kukuomba ruhusa nimuuze, mtu ametaja pishi thelathini. Bartolomayo akirudi tutakulipa ng'ombe kwa ng'ombe."

Mzee Nikodemo alifumba macho. Aliyesema kwanza ni Filipo, mwana wa pili, na alisema kwa mshangao mtupu. "Yule mwekundu yu hai? Sisi tulikwisha kumtoa hesabuni. Tulikuwa tukisubiri ngozi."

Mke wa Sostenes aliyekuwa na mtoto mgongoni alisimama. "Ananyonyesha? Ana maziwa?"

"Kidogo," alisema Raheli. "Kibuyu nusu."

"Kibuyu nusu!" Yule mwanamke akamgeukia mkwewe, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Baba, umesikia?"

Mzee alifumbua macho. Aliwatazama wajukuu wake, kisha wanawe, na mwisho Raheli, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyelazimishwa kula kitu kichungu mbele ya wageni. "Ng'ombe atarudi nyumbani," alisema. "Sostenes atafuatana nawe kesho, amlete."

Usiku ule Raheli alitoa donge lake la chumvi, nao wakampa uji usioshika kijiko.

Asubuhi mzee akachukua fimbo yake akasema atamsindikiza mgeni. Akamwambia Sostenes abaki nyuma kidogo. Walitembea mpaka tembe zikawa hazionekani, ndipo mzee akasimama, akapiga fimbo chini kwa hasira.

"Kwa nini umeniuliza?"

Raheli hakuelewa. "Kwa kuwa ni wako, baba."

"Najua ni wangu! Tangu Krismasi nakaa pale uani nikitazama njia ya Kikuyu, nasema leo ataleta ngozi, kesho ataleta ngozi. Baba yake Bartolomayo alinilisha mimi katika njaa iliyopita. Unafikiri ng'ombe wake wa amana niliyekuwa naye alikufa kwa ugonjwa? Nilimpelekea ngozi. Akasema pole. Tukalia pamoja, akanipa na asali ya watoto."

"Ningekudanganya, baba."

"Ndiyo. Ungenidanganya, na mimi ningedanganyika, na mwanao angekula. Ndivyo tunavyosaidiana katika nchi hii isiyo na mvua. Ngozi haiombi ruhusa. Ikishafika imefika, nani atanilaumu? Sasa wewe umekuja na mdomo wako, ukauliza mbele ya wanangu, mbele ya wake zao, na ng'ombe yu hai na ana maziwa. Niseme nini? Niseme wajukuu wangu walale njaa ili wako ale? Mtu akiulizwa lazima ajibu, Raheli. Umenifunga mikono."

Alikuwa analia, mzee yule, waziwazi, bila kujifuta. Raheli alipiga magoti vumbini akamshika miguu, akasema, "Basi rudi ukawaambie umebadili neno." Nikodemo alitikisa kichwa. Akamwinua, akamrudishia lile donge la chumvi, akageuka kwenda kwake. Hakuangalia nyuma.

Siku nne za kurudi Raheli hakukumbuka lolote isipokuwa kisigino cha Sostenes kilichopasuka, kikitangulia mbele yake. Sostenes hakuwa mtu mbaya. Kila alipopata tunda alimgawia nusu. Lakini hawakuweza kuzungumza, kila mmoja alikuwa amebeba mtoto wake kichwani.

Walipofika Kikuyu Sila hakuinuka kumlaki mama yake. Alitabasamu tu akiwa amelala. Dorkasi aliposikia habari alijipiga kifuani, akataka kusema neno, akalimeza, na Raheli akamshukuru kwa hilo kuliko kwa mengine yote. Asubuhi Hana alikamua kwa mara ya mwisho. Mgeni alipewa kibuyu, kama desturi, naye akakikataa, akaelekeza kwa Sila kwa kidevu. Kisha akamfunga ng'ombe kamba, ndama akafuata, wakaondoka. Raheli alisimama zizini mpaka mbolea ikapoa miguuni mwake. Ukweli wote alioutunza tangu ubatizo wake ulikuwa umetembea naye siku nane, na haya ndiyo uliyomletea. Alimchukia Mungu siku ile, na hakuogopa kumchukia.

Mchana alimwosha Hana, akampaka mafuta kidogo yaliyobaki kwenye pembe, akamshika mkono mpaka dukani.

Hasani alipowaona alielewa. Alitoka nyuma ya meza yake, jambo ambalo hakulifanya kwa mteja. "Msafara wa Kondoa unaondoka kesho alfajiri," alisema. "Shemeji yangu Athuman ndiye kiongozi. Mtoto atalala kwetu leo, kwa mke wangu."

"Sawa."

"Mama Hana, kuna jambo. Zile pishi kumi." Alijikuna shingo. "Boma wamechukua magunia yangu juzi. Nimebaki na sita. Nitakupa zote, Wallahi sijabakiza. Nyingine Zaitun ataleta akipata mtu."

Kumi zilikuwa sita. Wiki mbili tu. Watu waliokuwepo dukani waligeuka kumtazama Raheli, maana wote walimjua, wakangoja ile sauti. Hasani naye aliingoja, na huenda aliitamani.

"Pima," alisema Raheli.

Hana hakulia. Alikuwa mtoto wa kukaa na mawazo yake. Aliuliza tu kama Kondoa kuna wasichana wengine, na Hasani akasema wako wengi, na kama atafundishwa kusoma, na Hasani akasema inshallah. Mama yake alimwagiza aamke mapema, asijibu wakubwa, asile kabla ya kukaribishwa. Alimpa lile donge la chumvi la kumpelekea Zaitun. Kisha akainua mtama kichwani, na kwa kuwa alijua akigeuka hatafika, alikwenda moja kwa moja.

Jua lilipokuwa linashuka alisaga, akasonga ugali, ugali mgumu wa kweli, wa kwanza tangu Krismasi. Aliumega matonge kama siku zote, akaweka sahani tatu mbele ya Sila. Mtoto aliinuka mwenyewe akakaa. Alikula tonge lake taratibu, halafu haraka, mpaka likaisha, na rangi ikamrudia usoni. Akatazama sahani ya tatu, akamtazama mama yake.

"Mama, cha Hana nile?"

Raheli alisogeza ile sahani mbele yake.

"Kula, mwanangu," alisema.